Siku Zibuyile Alipogeuza Kamera

Ukimtaja Zibuyile Myeni kijijini kwetu, wapo watakaocheka na wapo watakaonyamaza. Wanaocheka wanakumbuka utani wa dukani, akina mama walipokuwa wakimwambia, "Mama Nyuki, jana hukuniona nikioga kweli?" naye akijibu, "Nilikuona, shoga, nikamgeuza nyuki wangu asije akapofuka." Wanaonyamaza wanamkumbuka mdogo wake, Muzi. Mimi niko upande wa wanaonyamaza, ingawa zamani nilicheka kuliko wote.

Jina langu ni Ntuli. Naendesha pikapu ya hifadhi, ile yenye droni nyuma, ndiyo huyo nyuki wa utani, masanduku ya betri na turubai lililotoboka. Zibuyile ndiye rubani. Rubani wa kukaa chini, kama anavyopenda kusema, maana ndege huruka na yeye yuko kwenye kiti cha plastiki, kioo cha kuonea picha za kamera mapajani, karanga za kuchemsha mfukoni. Tunalinda faru. Majangili wanakuja kwa ajili ya pembe yake, na pembe moja ikitoka humu, mtu wa mbali anajenga ghorofa na mtu wa karibu anazikwa. Hilo kila mtu huku Zululand analijua, na bado wanakuja.

Hakuzaliwa na kioo mkononi. Utotoni alichunga mbuzi wa baba yake, kazi ya wavulana, kwa sababu kwa miaka mingi Baba Myeni hakupata mtoto wa kiume, na mwenyewe alikuwa chini ya ardhi huko Johannesburg akichimba dhahabu ya watu. Mzee alirudi na chuma kwenye goti la kulia na kikohozi kisichoisha. Muzi alizaliwa wakati huo, mama yao akiwa keshakata tamaa, na mama akafariki kabla mtoto hajatembea. Zibuyile akambeba mgongoni. Akamlea, akamsomesha kwa mananasi aliyouza kando ya barabara ya Mkuze, akawakatalia wachumba waliotaka aje kwao bila mzigo. Wapita njia walidhani mtoto ni wake, na hakujisumbua kuwasahihisha.

Hata huu urubani aliupata kwa njia yake. Hifadhi ilitangaza nafasi kwa watu wa vijiji vya jirani, vijana wakapanga foleni ya usaili kwenye jua, naye akaenda kuwauzia mananasi. Foleni ikapungua, mananasi yakaisha, akaingia na yeye. Muzi akaajiriwa uaskari wa wanyamapori muda si mrefu baadaye. Basi ikawa dada juu, mdogo chini. Askari wako porini wanafuata nyayo, hujui hatari iko wapi, mara unasikia kwenye redio, "Muzi, umekula?"

"Dada, niko kazini."

"Nimeuliza umekula."

Gumede, kiongozi wa kikosi chao, mtu wa mwili mkubwa na subira ndogo, aliingilia siku moja. "Zibuyile, hii redio ni ya kazi, si ya uji."

"Na wewe Gumede, umekula?"

"Bado."

"Ndiyo maana una hasira. Kuleni wote kisha mniambie."

Ndivyo tulivyokuwa tukiishi.

Sasa niseme habari ya tawi, maana bila tawi hakuna kisa. Kwetu mtu akifia mbali na nyumbani, mwili unaweza kuletwa kwa gari ukazikwa vizuri, lakini mwenyewe bado yuko pale alipoangukia. Lazima mtu wa ukoo aende kumchukua kwa tawi la umlahlankosi, mti wa miiba, ndugu wa mkunazi. Analipitisha tawi juu ya ile ardhi, anamwita marehemu kwa jina, anamwambia twende nyumbani. Tangu hapo mbebaji hasemi na mtu. Hasalimii, haitikii, hageuki nyuma. Anasema na tawi peke yake, na humwambia kila kitu cha njiani: hapa tunavuka mto, hapa tunaingia barabarani, hapa ni lango la kwenu. Asipomwambia, marehemu hubaki ng'ambo. Nyuma yake mara nyingi kuna ndugu wamebeba mkeka na blanketi la marehemu. Sisi tunaokutana nao tunavua kofia, tunapisha njia, tunatazama chini. Mtu anayerudishwa kwao hatazamwi kama mpira wa Jumamosi.

Hifadhi yetu ilikuwa makazi ya watu kabla ya uzio. Babu zetu wengi bado wako humo, kwa hiyo matawi yalikuwa yakiingia na kutoka, na mlinzi wa lango hakuuliza. Zibuyile naye alikuwa na desturi yake. Akiona tawi kwenye kioo, aligeuza kamera upande mwingine, akakohoa kidogo, akaniambia, "Kaka Ntuli, hebu waone twiga wale." Meneja, ambaye ni mtu wa kuja, hakujua jambo hilo. Sisi tuliojua tulimsifu kwa adabu yake. Heshima si utumwa, ndivyo tulivyofundishwa.

Majangili nao walifundishwa hivyo hivyo, na mama zao hao hao wa vijiji hivi hivi. Hilo halikutujia akilini, na nikilikumbuka damu inanichemka.

Ilikuwa alasiri, majani yakianza kukauka. Kwenye bonde la miti ya mng'ong'o alikuwako faru jike na ndama wake, na Muzi na Gumede walikuwa jirani yake kwa miguu. Zibuyile akaona watu wakishuka kutoka vilimani kwa mstari. Wa mbele amebeba tawi, wa nyuma mkeka uliokunjwa na blanketi juu yake, wa mwisho mikono mitupu. Wote vichwa wazi.

"Msiba," akasema, na akageuza kamera.

Akabonyeza redio. "Muzi, kuna watu wa msiba wanashuka kwenu. Wapisheni."

"Tumewaona, dada. Tumeshavua kofia."

Alisema kwa sauti ya chini, ile unayotumia ukiwa karibu na wafiwa, na hakusema neno jingine tena duniani. Sisi tulikuwa tunatazama twiga. Twiga mmoja alikuwa anajikuna shingo kwenye mti, Zibuyile akaanza kucheka, na hapo tukausikia mlio wa risasi, kwanza kwenye redio, kisha kwa masikio yetu.

Aliporudisha kamera, mkeka ulikuwa umetandikwa kwenye majani kama wa kumkaribisha mgeni. Muzi alikuwa amelala kando yake na kofia ingali mkononi. Gumede, aliyekuwa amebaki nyuma kichakani kwa haja ndogo, alikuwa anakimbia na kufyatua risasi ovyo. Bunduki ilikuwa ndani ya mkeka muda wote. Zibuyile aliwafuata wale watu kwa droni mpaka betri ikamwishia. Walivuka mto mbio, wakatupa tawi majini, wakapotelea vilimani. Faru na ndama walikuwa wamekimbia. Pembe hawakuipata, na mtu ambaye hakupata alichofuata hurudi.

Baada ya maziko alinilazimisha nitazame naye ile sehemu ndogo iliyorekodiwa kabla hajageuza. Watu watatu wanakuja kwenye korongo lenye maji kidogo. Wanavuka, moja kwa moja, hakuna anayesimama.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona."

"Hakumwambia. Anayebeba maiti wake hawezi kuvuka maji bila kumwambia. Ningetazama mpaka korongoni tu, kaka Ntuli. Mpaka pale tu."

"Acha, Zibu."

"Usiniambie niache. Wewe ulikuwa unatazama twiga kwa sababu mimi nilikwambia."

Utani wa dukani ukafa. Zibuyile akiingia, watu walihesabu mikate kimya. Kila mmoja alijua kwamba lile wazo la tawi halikutoka mbali. Lilitoka kwa mtu aliyekula nasi kwenye misiba, mtu anayejua nani huvua kofia na nani humgeuza nyuki wake. Ukimsalimia jirani, ulimtazama mkono. Meneja akabandika tangazo langoni: tawi lisiingie bila kibali, na mkeka wowote ufunguliwe na kukaguliwa. Gumede akawaambia askari wake mbele yangu, "Tawi lijalo mimi silivulii kofia." Wakaitikia wote. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hawa walikuwa wanashtuka na bunduki mikononi.

Kumbe hapo ndipo penye shida ya Baba Myeni. Mwili wa Muzi uko kaburini nyumbani kwao, lakini Muzi mwenyewe bado yuko chini ya mng'ong'o, ndani ya uzio, na mwenye haki ya kwenda kumchukua ni baba yake peke yake. Mzee alikwenda langoni na kurudi, akaenda tena na kurudi. Kila mara aliambiwa asubiri upelelezi uishe, na akija na mkeka utafunguliwa.

Jioni moja nilikuwa kwao tunakula ugali wa mahindi wa punjepunje kwa maziwa ya mgando. Mzee hakugusa chakula.

"Ng'ombe hawataki kuingia zizini," akasema. "Wanasimama mlangoni wanatazama kule. Na mlango wa nyumba yake unafunguka alfajiri. Nikienda, hakuna mtu. Ana baridi yule mtoto."

"Baba, subiri kidogo," Zibuyile akasema. "Waache wafungue huo mkeka, waone ni mtupu, wafunge. Ni jambo la dakika moja."

"Mkeka wa mwanangu haufunguliwi na mtu aliyevaa glovu."

"Basi nenda bila mkeka. Lakini kwa kibali."

"Kibali cha kumchukua mwanangu." Akakohoa mpaka akashika ukuta. "Wewe huko juu unamwona hata sungura, mama. Mdogo wako humwoni?"

Zibuyile akainamisha kichwa. "Baba, nakuomba. Usiingie mle peke yako. Kina Gumede hawako sawa sasa hivi. Atakayeingia na tawi bila taarifa, watampiga. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Kwa mzee wa kwetu, nimekusikia si sawa na nimekubali. Mimi nililijua hilo, na Zibuyile alilijua zaidi yangu, lakini jungu lilikuwa linaungua akaenda kuliondoa.

Wiki ile ikaja habari kutoka kwa mtu wetu wa vilimani kwamba wale jamaa wanarudi, na safari hii hawataondoka mikono mitupu. Gumede aliacha kunyoa ndevu. Tai walianza kukaa kwenye miti ya upande wa mto pasipo mzoga wowote, jambo ambalo sikulipenda. Asubuhi tuliyopelekwa huko kulikuwa na ukungu bondeni na baridi ya kukata vidole. Niliegesha pikapu juu ya kilima. Zibuyile akarusha droni na kuweka kamera ya joto, ile inayoona mwili wa kiumbe kama doa jeupe kwenye ardhi nyeusi, maana ukungu macho ya kawaida hayaupenyi.

Haikuchukua muda. Doa moja jeupe lilitoka upande wa uzio, likawa linakwenda taratibu kuelekea bonde la mng'ong'o. Mtu. Mikononi ana kitu kirefu kisicho na joto.

Zibuyile akaacha kutafuna. "Gumede."

"Nakupata."

"Mtu mmoja. Ana kitu kirefu. Anaelekea pale pa Muzi."

Redio ikakwaruza. "Bunduki au tawi?"

"Sioni vizuri. Linaweza kuwa tawi."

"Meneja ametoa kibali?"

Akanitazama. Nikatikisa kichwa. "Hajatoa," akasema.

"Basi ni wao. Wenzake wako nyuma, watakuja. Nipe njia."

Na alimpa. Sitasahau jinsi alivyompa. Sauti haikutetemeka, alimwambia Gumede apite nyuma ya mwamba mwekundu, ashuke na korongo, akae kwenye ukingo wa mto ambapo mtu anayerudi lazima avukie. Aliwapanga askari mmoja mmoja kama alivyokuwa akiwapanga mbuzi. Kamera haikutoka juu ya lile doa hata kidogo. Nilitaka kumuuliza kama amefikiri ninachofikiri, nikaona jinsi taya lilivyokaza, nikaacha. Alikuwa amefikiri. Alikuwa pia amefikiri kwamba mara ile ya kwanza alihurumia tawi, na huruma hiyo tukaizika.

Lile doa lilifika chini ya mng'ong'o, likapiga magoti. Likawa linainama na kuinuka, mkono ukipita juu ya ardhi.

"Anafanya nini?" Gumede akauliza.

"Ameinama."

"Anachimbua. Walificha kitu pale, nilijua. Mwache achukue, tutamkuta nacho."

Jua lilikuwa limeanza kuula ukungu. Zibuyile akabadilisha kamera kuwa ya kawaida, na tukaona kofia, koti kuukuu jeusi na majani ya tawi. Usoni hatukuona kitu, maana kutoka juu mtu ni kofia tu. Mtu yule aliinuka, akaanza kurudi, njia ile ile tuliyomtegea. Hakuwa na mkeka. Nilishukuru kwa hilo, kisha nikakumbuka kwamba bunduki fupi huenea ndani ya koti.

Alipofika mtoni, akasimama.

Maji yalikuwa ya kufika kwenye kifundo tu. Mtu mwenye haraka angeyaruka. Huyu alisimama ukingoni na kuinamisha kichwa kwenye tawi, kama unavyomwinamia mtoto asiyesikia vizuri. Zibuyile akaishusha droni mpaka nikaogopa itagonga matete. Tukaona midomo inatembea. Kisha mtu akatanguliza mguu wa kushoto majini, akaupapasa chini, akauvuta wa kulia nyuma yake ukiwa mgumu kama mchi.

"Baba," Zibuyile akasema, wala si kwa redio. Kisha akaibonyeza. "Gumede, simama. Ni baba. Ni baba yangu, shusheni bunduki."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Amesimama mtoni. Amemwambia. Na ule mguu naujua."

Gumede akasema polepole, "Hata mara ile ulituambia ni watu wa msiba."

Sikuwahi kuona neno likimwingia mtu namna ile. Kwenye kioo tulimwona Gumede akitoka nyuma ya ukingo, bunduki begani, na askari wake kushoto na kulia. Alikuwa amebana kitufe cha redio bila kujua, kwa hiyo kila kitu tukakisikia.

"Wewe, simama hapo. Weka chini ulichobeba."

Mtu yule akaendelea kutembea.

"Mzee, kama ni mzee, sema neno moja. Taja jina lako tu."

Hakusema. Angesema, Muzi angebaki mtoni milele. Alitembea kuelekea ile bunduki kwa mwendo ule ule wa goti la chuma.

"Fungua koti. Nasema fungua koti, la sivyo napiga."

Hapo Zibuyile aliisukuma droni mbele. Aliileta mpaka ikawa katikati ya baba yake na mtutu, usawa wa kifua, mapangaboi yake yakirusha majani ya tawi huku na huku.

"Toa hicho kidude," Gumede akapaza sauti.

"Sikitoi."

"Nitakipiga, Zibuyile. Naapa kwa kaburi la Muzi nitakipiga."

"Kipige. Ukimaliza nacho, utakuwa umeshamwona usoni."

Askari wa kushoto alikuwa kijana mgeni kikosini, na kidole chake kilikuwa mahali ambapo kidole hakipaswi kuwa. Nilikiona kwenye kioo. Nilikuwa nimeshika mlango wa pikapu sijui kwa nini, kilima kizima kilikuwa kati yetu na wao.

Ndipo mzee akazungumza. Hakumtazama Gumede. Aliinamia tawi, na redio ikatuletea sauti yake, kavu, yenye kikohozi.

"Muzi, mwanangu. Mbele yetu wako watu wenye bunduki. Usiogope. Ni Gumede, yule uliyekuwa unakula naye. Ananyoosha bunduki kwa sababu alikuona ulivyoanguka. Usimkasirikie, hata wewe ungeogopa. Na hiki kinachovuma ni kidude cha dada yako. Sasa tunapita mkono wa kulia wa Gumede. Twende."

Akampita. Bega lake la kushoto lilikaribia kugusa mtutu. Kijana wa kushoto alishusha bunduki, akavua kofia, machozi yakimtoka. Gumede hakuvua. Aligeuka taratibu, bunduki begani vile vile, akaufuata mgongo wa mzee kwa mtutu, hatua kwa hatua, mpaka kwenye uzio. Zibuyile naye akamfuata kwa kamera. Hakuna aliyemtazama mzee kwa heshima siku ile isipokuwa yule kijana. Sisi wengine tulimtazama tu.

Jioni nilimpeleka Zibuyile kwao. Tawi lilikuwa limeshalazwa nyuma ya nyumba kubwa, mahali pa wazee waliotangulia, mbuzi ameshachinjwa, na ng'ombe, niamini au usiniamini, walikuwa zizini. Mzee alikuwa amekaa kwenye gogo na chungu cha pombe ya mtama. Sasa aliruhusiwa kusema na watu. Zibuyile akapiga magoti mbele yake, naye hakumwambia inuka.

"Nilikisikia kidude chako tangu nilipopita uzio," akasema. "Kilikuwa juu yangu."

"Ndiyo, baba."

"Ulinijua lini?"

"Mtoni."

Mzee akanywa, akajifuta. "Kutoka uzioni mpaka mtoni ni mbali."

"Ni mbali, baba."

"Na Gumede. Nani alimwonyesha mahali pa kuningojea?"

Nilitamani asijibu. Angeweza kusema ni kazi, angeweza kusema ni ukungu, na yote yangekuwa kweli. Alitazama viganja vyake.

"Mimi."

Kuni zililia motoni. Niliwaza kwamba atamlaani, na kwetu laana ya baba si maneno. Mzee alimtazama kwa muda mrefu, kwa uchovu, bila chuki, kisha akamsogezea chungu. Zibuyile akakipokea kwa mikono miwili, akanywa.

"Siku ya Muzi uliligeuza jicho lako," mzee akasema.

"Nililigeuza."

"Basi usiligeuze tena. Hata nikija mimi. Hata nikiwa mimi ndiye ninayebebwa."

Zibuyile akasema ndiyo, baba. Akainuka, akaenda kuosha masufuria pamoja na wanawake wengine. Matawi bado yanaingia hifadhini, machache, ya watu wenye vibali na mikeka iliyofunguliwa, na kila yanapoonekana yeye hushusha droni mpaka majani yatikisike, akamtazama mbebaji usoni mpaka atoke.